Kahawa ya Siagi: Ushahidi Uko Wapi?

Jiji la Nairobi halijapata kupungukiwa na mitindo, na mitindo ya chakula huja na kupita kama ile ya nguo na nywele. Hata hivyo, upo mtindo mmoja ambao umekuwa ukienea kwa miaka kadhaa sasa, nao haufai kuachwa upite bila kuulizwa maswali. Huu ni ule wa kukoroga siagi na mafuta ndani ya kahawa na kuinywa asubuhi badala ya kufungua kinywa kwa chakula. Wanaoupigia debe husema kwamba kinywaji hicho hupunguza unene, hunoa akili, na humpa mnywaji nguvu za kumfikisha alasiri bila kuhisi njaa. Makao ya mtindo huu ni mitaa ya magharibi mwa jiji, yaani Westlands, Kilimani, Lavington na Karen, lakini sifa zake zimekwisha kushuka hadi katikati ya jiji, ambako karani asiyeweza kumudu bei ya kikombe kama hicho mkahawani huzisoma katika simu yake, akanunua siagi dukani na kujipikia nyumbani.

Hatuna ugomvi na kahawa, zao ambalo limesomesha watoto wengi wa nchi hii. Wala hatuna ugomvi na siagi. Mtu mzima ana haki ya kunywa akipendacho. Tunachouliza ni kama yale madai ya afya yanayouzwa pamoja na kikombe yana msingi, na kama hayana, ni nani mwenye wajibu wa kusema hivyo hadharani.

Yafaa kwanza tujue kinywaji hiki kilikotoka. Aliyekitia umaarufu ni Dave Asprey, mfanyabiashara wa Marekani, ambaye husimulia kwamba alipozuru Tibet mwaka 2004 alipewa chai iliyotiwa siagi ya mnyama aitwaye yaki, akajihisi amepata nguvu mpya. Mwaka 2009 alitangaza maagizo yake mwenyewe: kahawa, siagi isiyo na chumvi ya ng'ombe waliolishwa nyasi, na mafuta yajulikanayo kama MCT, ambayo hutengwa kutoka katika nazi au kokwa za mawese. Baada ya hapo alianzisha kampuni, akauza buni, akauza mafuta, na mwaka 2014 akauza kitabu. Hakuna dhambi katika biashara. Lakini msomaji akumbuke kwamba habari za faida za kinywaji hiki zilianza kuenea kutoka kwa mtu mwenye bidhaa ya kuuza.

Isitoshe, kuchanganya kahawa na mafuta si uvumbuzi wa Marekani. Hapa kwetu Kenya, Waborana wa Marsabit, Moyale na Isiolo wamekuwa na desturi hiyo tangu zama za mababu. Wao hukaanga buni pamoja na maganda yake ndani ya samli, wakaongeza maziwa, na chakula hicho kitakatifu huandaliwa mtoto anapopewa jina, watu wanapooana, au wazee wanapoomba dua. Nao watu wa Tibet hunywa chai yao ya siagi wakiishi katika nyanda zilizo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, penye baridi kali na kazi ngumu, ambako mwili huhitaji kila kalori uwezayo kupata. Mfugaji wa Marsabit hutembea kutwa nyuma ya mifugo yake. Karani wa Nairobi huketi katika gari kwa saa moja, akaketi ofisini kwa saa nane, akarudi kuketi tena garini. Desturi iliyomfaa mwenye kutembea haiwi dawa kwa mwenye kuketi kwa sababu tu imehamishiwa kwenye kikombe cha bei ghali. Tena, hatujasikia mzee wa Kiborana akiahidi wageni wake kwamba buni zake zitawapunguzia viuno.

Sasa tuyapime madai yenyewe, moja baada ya jingine.

Dai la kwanza ni kwamba kinywaji hiki huamsha akili na kuondoa uchovu. Hili lina ukweli ndani yake, lakini sifa imepewa asiyestahili. Kinachoamsha ni kafeini, nayo imo katika kahawa hata kama haikutiwa chochote. Wazee wa Mombasa wamelijua jambo hili kwa vizazi vingi wanapoketi barazani jioni na vijikombe vya kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele la shaba, pamoja na tende au kashata. Mtu ambaye hakuwa na mazoea ya kahawa, akinywa kikombe kikubwa chenye siagi saa moja asubuhi, ataona kweli ameerevuka. Angekunywa kahawa ile ile bila siagi angeerevuka vile vile, na mfuko wake ungebaki na kitu.

Dai la pili, nalo ndilo linalovuta wengi, ni kupunguza unene. Hapa hesabu ndogo yatosha. Kijiko kimoja cha mezani cha siagi kina kalori 100 hivi. Kijiko kimoja cha mafuta ya MCT kina kalori 115 hadi 120. Mtu akitia vijiko viwili vya siagi na kimoja cha mafuta hayo, kama wengi wanavyoelekezwa, amekwisha kunywa zaidi ya kalori 300 kabla hajatafuna kitu. Kahawa peke yake haina hata kalori tano. Kalori hizo 300 na ushei zinalingana na za mayai manne ya kuchemsha, lakini mayai hayo yangempa mlaji protini gramu 24 hivi, pamoja na vitamini na madini, ilhali kikombe cha kahawa ya siagi hakina protini ya kutajika, wala hakina nyuzinyuzi. Mayai hayo huuzwa kwenye vikokoteni katikati ya jiji, yakapasuliwa na kutiwa kachumbari, wala muuzaji haandiki popote kwamba yanarefusha maisha.

Watetezi wa kinywaji hiki hujibu kwamba mafuta ya MCT huchomwa mwilini upesi kuliko mafuta mengine na kumfanya mtu ashibe. Ni kweli kwamba mafuta hayo huyeyushwa kwa njia nyepesi, na ndiyo sababu hospitali huyatumia kwa wagonjwa ambao matumbo yao hayawezi kupokea mafuta ya kawaida. Kuna pia tafiti zilizoona tofauti ndogo ya uzito pale watu walipoyatumia mahali pa mafuta mengine. Neno la kuzingatia hapo ni mahali pa. Mwenye kuyaongeza juu ya chakula chake cha kawaida hapunguzi kitu. Mwaka 2011, wataalamu wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya waliombwa kutoa uamuzi juu ya dai kwamba mafuta hayo hupunguza uzito wa mwili. Walipoupima ushahidi ulioletwa mbele yao, walikata shauri kwamba uhusiano wa sababu na matokeo haukuthibitishwa. Tungependa kujua ni ushahidi gani ulio mikononi mwa wauzaji wa Nairobi ambao haukuwafikia wataalamu hao.

Yupo bila shaka msomaji atakayesema kwamba yeye alikunywa kahawa hii na akapungua kilo kadhaa. Hatumkanushi. Mtu anayeacha mkate, mandazi, soda na chai yenye vijiko vitatu vya sukari kwa mkupuo mmoja atapungua, awe anakunywa kahawa ya siagi au maji ya mtungi. Kilichompunguza ni vile alivyoviacha.

Dai la tatu ni la ubongo. Husemwa kwamba mafuta haya huufanya mwili utengeneze ketoni, ambazo ini huzitoa katika mafuta wakati sukari inapopungua mwilini, na kwamba ubongo ukilishwa ketoni hufanya kazi kwa wepesi wa ajabu. Dai hili limeazima heshima kutoka kwa tiba ya kweli. Mwaka 1921, daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic huko Marekani alipendekeza chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo mno kwa wagonjwa wa kifafa, na mwaka 1971 mafuta ya MCT yaliingizwa katika tiba hiyo. Hadi leo watoto ambao kifafa chao kimeshinda dawa husaidiwa kwa njia hiyo. Lakini mtoto huyo hupimiwa kila gramu ya chakula chake, damu yake huchunguzwa, na daktari na mtaalamu wa lishe humwangalia mwezi baada ya mwezi kwa sababu tiba hiyo ina madhara yake. Kutoka katika wodi ya watoto wenye kifafa hadi kwa mfanyabiashara mwenye afya yake anayetaka kuwa hodari mkutanoni ni safari ndefu, na hatujaona daraja la ushahidi linalounganisha sehemu hizo mbili.

Dai la nne latugusa sisi kama nchi ya kahawa. Husemwa kwamba kahawa ya kawaida imejaa sumukuvu, yaani sumu zitokanazo na ukungu, kwa hiyo mnywaji ni lazima anunue buni maalum zilizo safi. Ni kweli kwamba kahawa iliyokaushwa au kuhifadhiwa vibaya inaweza kuota ukungu. Lakini kahawa ya Kenya kwa sehemu kubwa humenywa, huoshwa kwa maji na kuanikwa juu ya meza zilizoinuliwa kutoka ardhini, taratibu zinazosaidia kuzuia jambo hilo hilo. Baadaye huchambuliwa kwa madaraja na kuonjwa na wajuzi kabla ya kununuliwa. Kumtisha mnywaji kwa sumu ambayo hukuipima katika kikombe chake ni kumharibia jina mkulima wa Nyeri na Kirinyaga asiye na habari.

Kama ni sumukuvu, Wakenya wanaijua vyema. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu jirani, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu, na 125 kati yao wakafariki. Hao hawakuwa wanywaji wa kahawa ghali. Walikuwa wakulima waliohifadhi mavuno yao machache mahali penye unyevu kwa sababu hawakuwa na ghala bora. Inasikitisha kwamba neno lililoandikwa kwa misiba ya Ukambani leo hutumiwa kuuzia buni watu wenye nafasi, huku ghala za vijijini zikiendelea kusahauliwa.

Tumeyapima madai manne. Sasa tugeukie jambo ambalo matangazo hayalitaji, nalo ni moyo. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mafuta ambayo wataalamu huyaita yaliyoshiba, kama yale yaliyojaa katika siagi, samli na nazi, yasizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Vijiko viwili vya siagi vina gramu 14. Ukiongeza kijiko cha mafuta ya MCT, jumla yafika gramu 28, na bado jua halijapanda wala mtu hajala nyama ya mchana. Tukubali kwamba mafuta yote ya aina hiyo hayana nguvu sawa ya kupandisha kolesteroli, yaani lehemu katika damu, na kwamba ya MCT huenda yana nafuu. Siagi haina utetezi huo. Wala hayana utetezi mafuta ya nazi ambayo wengi huyatumia mahali pa MCT kwa kuwa hupatikana kwa urahisi, ilhali ni vitu viwili tofauti. Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2017 dhidi ya kuyategemea mafuta ya nazi, kwa sababu hupandisha lehemu iletayo madhara. Fauka ya hayo, kahawa isiyochujwa kwa karatasi ina chembe za mafuta yake yenyewe ambazo nazo huipandisha lehemu hiyo.

Jambo hili lingekuwa dogo kama tungekuwa taifa la watu wanaojua hali ya mioyo yao. Uchunguzi uliofanywa na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Kitaifa la Takwimu mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na walio wengi kati yao hawakuwa wakipata matibabu. Zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa. Basi fikiria mtu wa makamo, mnene, aliyeambiwa na rafiki kwamba kahawa ya siagi itamponya. Hajui kipimo cha damu yake wala cha lehemu yake. Anaongeza mafuta kila asubuhi kwa mwaka mzima, akijipongeza kwamba anatunza afya. Au fikiria mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, ambaye anaacha kula asubuhi bila kumwuliza daktari wake, na sukari yake ikashuka akiwa katikati ya barabara. Gharama ya dai lisilo na ushahidi hulipwa na watu kama hao.

Tutaambiwa kwamba tunamwonea mnyonge, kwani chai yetu ya maziwa yenye sukari nyingi imewadhuru Wakenya wengi kuliko kahawa ya siagi. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipingi. Mafuta yenyewe si sumu. Mwili hauwezi kuishi bila mafuta, na mtu mwenye afya hatafariki kwa kikombe kimoja cha kahawa ya siagi siku ya Jumamosi. Lakini mwenye kibanda cha chai hajabandika ukutani kwamba chai yake hutibu. Anauza chai. Anayebandika dai la tiba amejipandisha cheo, na mwenye cheo hana budi kujibu maswali ya cheo hicho.

Sheria ya nchi haiko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake, na kinaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ilifuata mwaka 2012. Kabla ya hizo ilikuwapo Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ambayo inaharamisha kutangaza chakula kwa njia ya uongo au ya kupotosha kuhusu thamani, ubora au usalama wake. Nayo sheria ya mwaka 2007 iliunda taasisi ya kuwasajili wataalamu wa lishe, ili asiyehitimu asijiite mtaalamu na kuwaandikia watu chakula. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitekeleza.

Kwa hivyo twapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Maafisa wa afya wa Kaunti ya Nairobi, wanapokagua usafi wa jiko la mkahawa, wasome pia ubao wa vyakula, na popote palipoandikwa kwamba kinywaji hupunguza unene au hutibu maradhi, waombe ushahidi. Ukikosekana, maneno yafutwe. Wenye mikahawa waandike idadi ya kalori na kiasi cha mafuta kando ya bei, kisha mnunuzi aamue mwenyewe. Taasisi ya wataalamu wa lishe itoe sauti yake kwa Kiswahili chepesi, kwani elimu inayobaki katika warsha za hotelini haimfikii karani. Nasi waandishi wa habari tuache kuchapisha sifa za bidhaa kana kwamba ni habari, hasa pale muuzaji anapokuwa ndiye mtaalamu pekee aliyehojiwa.

Kuna jambo la mwisho, nalo linahusu ardhi yenyewe ambayo mikahawa hii imesimama juu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wakilima kahawa katika misheni yao ya St. Austin, upande wa Lavington ya leo. Huko Karen, Karen Blixen wa Denmark alihangaika na shamba lake la kahawa chini ya Vilima vya Ngong tangu mwaka 1914 hadi lilipomshinda mwaka 1931. Mibuni hiyo imekwisha kung'olewa, na zao lenyewe limedhoofika: msimu wa 1987/88 nchi ilivuna takriban tani 130,000, ilhali miaka ya karibuni mavuno yamekuwa karibu tani 50,000 tu. Hata hivyo kahawa ya Kenya inapofika katika soko la mnada la Nairobi, wanunuzi wa dunia huigombea kwa ladha yake, nao hawaulizi kama inapunguza tumbo.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Kahawa yetu ni nzuri, na yaweza kujiuza bila kuvishwa joho la udaktari. Mkenya anayetaka kuinywa na ainywe, akitia maziwa, tangawizi au siagi kama roho yake ipendavyo. Ila anayetaka kupunguza unene, kutuliza shinikizo la damu au kutibu kisukari aende zahanati apimwe, aulize wenye ujuzi, na asubuhi ale chakula kinachomfaa. Naye anayemwuzia kikombe kwa jina la afya aulizwe kila mara, kwa heshima lakini bila kuchoka: ushahidi uko wapi?